Godoro Lililopita Mbele ya Duka

Kijenge, Arusha
6 Oktoba 2024

Mama yangu,

Shikamoo. Barua hii nimeificha ndani ya sanduku la Princess, chini ya masweta, kwa sababu anayemleta huko kwako ni mwanao Bariki na sitaki aisome. Usishtuke, hatujagombana. Ila wewe simu unaipokea kwa spika. Kila nikikupigia nasikia kuku, redio, na Mama Elinami wa jirani akinisalimia, na hili ninalotaka kukuuliza halimhusu Mama Elinami.

Kifua cha mjukuu wako kimetutesa tangu Juni. Mchana anacheza kama watoto wengine. Akilala tu, kinaanza kupiga filimbi, anakaa kitandani anatafuta pumzi, na mimi nakaa naye nikimpigapiga mgongo. Daktari ametupa dawa ya kuvuta, nimeifunga kwenye kitambaa cha bluu pamoja na maelezo, tafadhali usiiweke mbali. Akasema pia kwamba kifua cha mtoto huyu ni cha kuchokozeka, tumkinge na moshi, vumbi na harufu kali, na zaidi ya yote tuangalie mahali anapolala.

Nikarudi nyumbani, nikainamia godoro lake, nikavuta pumzi kwa nguvu. Mama, nilihisi kama nimeingiza kichwa ndani ya kopo la rangi.

Unalijua godoro lenyewe. Ni lile nene la sponji ambalo Bariki alimletea kutoka dukani kwake, ndugu moja na lile alilokuletea wewe wakati wa Pasaka. Nilidhani nailoni ndiyo inayonuka, nikaichana. Hapo ndipo harufu ilipotoka yote.

Sasa fikiria mimi, mke wa muuza magodoro, namwambia mume wangu kwamba godoro lake linamkohoza mtoto. Bariki alinijibu kwa upole, lakini alinimaliza. Alisema, "Mama analalia lilelile, kiwanda kilekile, na umri wake ule. Umewahi kumsikia akipiga hata chafya?"

Kwa hiyo naomba uniambie wewe. Godoro lako lilikuwa na harufu mwanzoni? Uliifanyaje ikaisha? Nitashukuru kwa neno lolote. Nijibu kwa mkono wa Ephraimu, anashusha maziwa hapa Kijenge kila asubuhi.

Mkweo akupendaye,
Agnela


Poli, Meru
13 Oktoba 2024

Mama Princess,

Marahaba, mwanangu. Barua nimeikuta, imekunjwa mpaka imekuwa kama hirizi. Nimecheka peke yangu. Mimi barua naipenda. Neno la simu likishapita limepita, ila barua naikalia kwenye kigoda na miwani yangu, nikiona sijaelewa naanza upya.

Mtoto amefika salama. Siku ya kwanza alikataa loshoro, mahindi yetu ya maziwa mgando, siku ya pili aliomba aongezewe, sasa anakula kuliko mimi. Jogoo ameshamwogopa. Analala na mimi kitandani kwangu, upande wa ukutani, na filimbi unayoisema sijaisikia. Dawa yake ya bluu ipo juu ya kabati, hatujaigusa.

Kuhusu godoro. Mwanangu Bariki alilipandisha huku kwa gari. Mchungaji alikuja akaliombea, majirani wakala pilau kwa ajili yake, Mama Elinami akapiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Godoro la namna hiyo mtu atalisemaje vibaya? Nalala vizuri. Harufu sijaisikia. Mshukuru Mungu kwa mume anayemkumbuka mama yake.

Nakuletea ndizi mshale na parachichi. Usimpe Bariki yote.

Mama yako,
Hanna


Kijenge
27 Oktoba 2024

Mama,

Shikamoo. Asante kwa ndizi, na asante zaidi kwa habari ya Princess. Niliposoma kwamba hapigi filimbi nilikaa chini nikalia kwa furaha. Nikamaliza, nikaanza kulia kwa jambo lingine, nalo nitakueleza.

Kabla barua yako haijafika nilikuwa nimezunguka Arusha nzima kutafuta godoro lisilo na kemikali. Kijana mmoja kule sokoni Kilombero aliniambia, "Ninalo dada, hili ni organiki kabisa." Akanionyesha sponji ileile, ila kitambaa chake kimechorwa majani ya kijani. Nikamwuliza ndani kuna nini. Akasema, "Ndani kuna raha." Nikaenda duka moja la upande wa Njiro wanakonunua wageni. Wanayo ya nyuzi za nazi na utomvu wa mpira, mazuri sana, hayanuki kitu, lakini nilipotajiwa bei niliondoa mkono wangu taratibu nisije nikaambiwa nimelichafua. La tatu lilikuwa la pamba. Nikainama, nikanusa, likanipiga na dawa ya wadudu hadi machozi.

Basi nimepata jina mjini. Wananiita Mama Pua. Na muuzaji mmoja alimpigia simu Bariki kumwuliza kama biashara yake imekufa, maana mkewe ameonekana akinusa magodoro ya watu wengine.

Halafu barua yako ikaja, na Bariki nikamweleza tu kwamba umesema mtoto ni mzima. Akapiga meza kwa furaha. Akasema, "Unaona sasa? Kule analala juu ya godoro letu, na hakohoi. Basi godoro halina kosa." Nimeligeuzageuza neno hilo kichwani na sioni pa kulivunjia. Kama mtoto analala kwako juu ya godoro lilelile na ni mzima, basi kinachomwumiza kiko hapa nyumbani kwangu.

Bariki anasema ni mapazia. Unajua nashona sebuleni, nyuzi zinaruka, vitambaa vimejaa hadi juu ya friji. Nimehamisha cherehani, nimelipeleka kwenye kibaraza cha rafiki yangu Elihuruma, nimefuta kuta kwa maji. Inaniuma, Mama. Mimba ya mtoto huyu niliilea juu ya cherehani lile. Kama ni mimi ninayemziba pumzi mwanangu, bora nijue.

Mbusu. Mwambie nyumba imekuwa safi mno bila yeye.

Agnela


Poli
10 Novemba 2024

Mama Princess,

Marahaba. Usijitese. Mtu anayeshona mapazia si mchawi.

Lakini mimi ni mama pia, na nitakuambia ninaloliona. Mtoto huyu anastawi huku. Mashavu yamejaa. Anapanda nami hadi kwenye kahawa na kurudi bila kupumzika. Huko mjini kuna vumbi, kuna moshi wa bodaboda, na kipindi cha upepo wa Januari ndicho kibaya zaidi. Sisi huku hewa tunaipata ikiwa bado haijatumiwa na mtu.

Nimeongea na Bariki kwenye simu. Amekubali Princess abaki kwangu aanze chekechea ya usharika mwezi wa kwanza. Mwalimu ni binti wa Mzee Nelson, namwamini. Mtamwona kila Jumapili mkiweza. Najua utaumia, ila utaumia ukijua mtoto anapumua.

Jumapili ijayo njooni wote wawili tulizungumze tukiwa tumeshiba. Nitachinja yule jogoo, ameshakosa heshima kwa kufukuzwa na mtoto.

Mama yako,
Hanna


Kijenge
20 Novemba 2024

Mama,

Shikamoo.

Jumapili nilinyamaza mezani kwako kwa sababu kulikuwa na wageni, na kwa sababu uamuzi ulikuwa umeshatolewa kabla sijaweka mkoba wangu chini. Bariki alipoyataja mapazia yangu uliitikia, na ulipomwambia mchungaji kwamba Princess sasa ni mtoto wa Poli, watu wakapiga makofi, na mimi nikapiga. Tulipoondoka hakulia. Alinipungia mkono akakimbilia kuku. Njia nzima Bariki alikuwa anasifu nyama, na mimi nilikuwa najiuliza kama mtoto atakumbuka sauti yangu inavyomwita kula.

Nasema hivi wazi kwa sababu ninakupenda na sitaki kukununia. Ninamtaka mwanangu. Kama kweli nyumba yangu inamwua nitamwacha kwako, nitakuja kila Jumapili, na nitakushukuru hadi kufa kwangu. Ila niwe na hakika.

Na sasa sina hakika. Unakumbuka nilimsuka Princess uani kabla hatujaondoka? Kichwani mwake kulikuwa na vimanyoya vyeupe, laini, vinavyoteleza. Nilidhani ni vya kuku. Halafu nikaingiza mkono kwenye mfuko wa gauni lake la kulalia, lile nililolichukua kwenda kulipunguza, nikakuta punje ndogo nyeusi, ya mviringo. Nimeiweka hapa mezani ninapoandika.

Mama, mimi nimekulia tambarare, kule chini ya Moshi kwenye joto. Mito ya bibi yangu mzaa mama tuliijaza sufi wenyewe kila msimu. Hii ni mbegu ya msufi. Na hapo kwako Poli penye baridi sijaona msufi hata mmoja.

Chumba chako siwezi kuingia. Mimi ni mkwe, najua mpaka wangu, na hata Bariki mwenyewe tangu awe kijana hajavuka mlango ule. Kwa hiyo nauliza kwa barua, kwa heshima zote, na nitaamini utakalonijibu. Mwanangu analala juu ya nini?

Agnela


Poli
22 Novemba 2024

Agnela mwanangu,

Leo sikuiti Mama Princess. Nakuita kwa jina lako kwa sababu naongea na wewe mwenyewe.

Analala juu ya sufi. Mimi nalala juu ya sufi. Nililijaza godoro hilo mwenyewe baba yake Bariki akiwa hai, na kila baada ya miaka michache nalifumua, naichambua, naianika, naongeza mpya, nalishona tena. Godoro la Bariki limesimama nyuma ya kabati ndani ya nailoni yake, vilevile kama lilivyoshuka kwenye gari. Nililijaribu mara moja. Nilitokwa jasho kama niko jikoni na kichwa kiliniuma hadi adhuhuri. Asubuhi hiyohiyo nilirudisha la kwangu kitandani.

Ningemwambiaje? Amelileta mbele ya watu, limeombewa, limeliwa pilau. Ni muuza magodoro, na mama yake hawezi kulala juu ya godoro lake. Nikasema, chumbani kwangu haingii mtu, hili litakufa na mimi. Na wewe uliponiuliza, nikakuandikia uongo kwa mwandiko mzuri. Sikujua kwamba Bariki atauchukua uongo huo akujengee nao kesi. Nilidhani godoro ni godoro tu. Hata nilipokushauri umwache mtoto, niliamini kabisa kwamba ni hewa.

Nimeisoma barua yako nikaona nilichokifanya. Nilikuwa namficha mwanangu aibu ndogo, na gharama yake ukailipa wewe kwa mtoto wako. Nisamehe.

Sasa tufanye kazi. Binamu yangu Melkizedeki ana misufi mpakani mwa shamba lake kule chini ya Maji ya Chai, na maganda yanapasuka wakati huu. Nimeshamtumia salamu asimpe mtu mwingine. Wewe leta kitambaa, si ndiwe mshona mapazia? Nataka marekani tupu, ile ya pamba isiyo na rangi wala wanga, uifue vizuri kwanza. Leta na uzi wa pamba mnene na ile sindano ndefu ya magunia. Ujifunge kitambaa puani, sufi ikiwa inachambuliwa inaruka, na mtoto tutampeleka kwa Mama Elinami siku hiyo nzima. Tukishatoa mbegu tutaianika juani chini ya chandarua, la sivyo upepo utaigawa kijiji kizima. Mengine nitakuonyesha kwa mikono, maana kushindilia sufi hakuelezeki. Ukiikaza sana unalala juu ya jiwe, na ukiilegeza unaamka umeshika sakafu.

Na kabla ya yote nataka uingie chumbani kwangu. Nimefagia. Uingie, ukae kitandani, uinuse hilo godoro unavyotaka, Mama Pua. Hakuna mkwe aliyewahi kuingia humo tangu nyumba ijengwe. Wewe utaingia.

Bariki usimwambie kwanza. Huyo niachie mimi.

Mama yako,
Hanna


Kijenge
15 Desemba 2024

Mama,

Shikamoo. Nakupigia simu tangu jana hupokei, kwa hiyo na mimi Bariki naandika barua. Naona ndiyo mtindo mpya wa familia hii.

Mama, jana ilikuwa Jumamosi, siku yangu ya biashara. Nina wateja watatu dukani, bwana Sakaya wa nyumba ya wageni ameshalala juu ya lile la inchi kumi analijaribu, amefumba macho, kabakiza kusema ndiyo. Nasikia wimbo wa kwaya. Nasema, nani anaolewa leo? Natoka nje. Nakuta ni mama yangu mzazi anakuja katikati ya barabara ya Kijenge na godoro la sufi kichwani. Nyuma yake mke wangu. Nyuma ya mke wangu wanawake wa jumuiya nzima, na Princess mbele kabisa akipunga tawi la mgomba.

Ungeweza kupita njia ya nyuma. Ungeweza kupanda bajaji. Ungeweza hata kunipigia nikafuata na gari. Ukaamua kupita mbele ya duka langu, ukasimama mlangoni, ukazunguka mzunguko mzima na mzigo wako kichwani ukiimba, kisha ukaendelea bila hata kunisalimia. Bwana Sakaya aliamka akatoka na soksi kwenda kuangalia. Hakurudi. Viatu vyake ninavyo hapa.

Nimefika nyumbani nakuta godoro nililomletea mtoto wangu liko uani limesimamishwa ukutani, na umeshaondoka zako. Agnela amenieleza yote, na la chumbani kwako pia. Mama, tangu Pasaka. Kila nikimaliza maombi nilikuwa nashukuru kwamba unalala pazuri. Ungeniambia tu.

Umeniaibisha, na si dukani peke yake. Nimeumia.

Mwanao,
Bariki


Poli
17 Desemba 2024

Bariki,

Marahaba. Simu niliizima makusudi.

La chumbani nimekukosea, na nitakuja nikuombe msamaha ana kwa ana, nikiwa nimekaa na wewe umekaa. Nilipaswa kukwambia siku ileile. Nilikuwa naogopa kuuvunja moyo wako, na sasa nimeuvunja vibaya zaidi. Zawadi yako ilikuwa njema. Niliipenda kwa sababu ilitoka kwako, ila mwili wangu uliikataa.

Lakini la barabarani sikuombi msamaha. Mke wako alisemwa kwamba anamwumiza mtoto wake kwa mapazia. Tulisema wewe na mimi, tena mezani, mbele ya mchungaji na watu wanaokula. Kama alisemwa mbele ya watu, basi asafishwe mbele ya watu. Ndiyo maana niliimba.

Sasa sikiliza. Mwache mtoto alale. Dawa yake iwe karibu, na daktari mumpeleke kama kawaida. Usiguse kitu kingine chochote ndani ya nyumba hiyo, na cherehani lirudishwe sebuleni palepale lilipokuwa. Upepo wa Januari uje na vumbi lake lote. Kifua kikianza tena kupiga filimbi nitashuka, nitalibeba godoro langu kichwani, nitapita mbele ya duka lako nikiwa nimenyamaza, na nitalala juu ya lako mpaka siku ya kuzikwa. Mtoto pia nitamchukua na Agnela amekubali hivyo kwa mdomo wake. Unaona alichoweka rehani mwenzako? Yeye ndiye ana ujasiri katika familia hii.

Mrudishie yule mtu viatu vyake.

Mama yako


Kijenge
26 Januari 2025

Mama yangu, Mama yangu,

Shikamoo. Nimesubiri hadi leo kwa makusudi. Nilijiambia sitaandika neno mpaka upepo uje, na upepo umekuja. Wiki hii nzima vumbi limeingia hadi kwenye sufuria zenye vifuniko. Nguo tunazianua zikiwa nyekundu. Cherehani langu liko sebuleni, ninashona mapazia ya ukumbi mzima wa harusi, nyuzi zimejaa hadi kwenye nyusi zangu.

Na Princess analala. Analala chali, mikono juu, mdomo wazi. Mwanzoni nilikuwa nakwenda kumsikiliza, nikiweka sikio karibu na pua yake, nikisubiri ile filimbi. Hakuna. Nilimkuta Bariki naye mlangoni amesimama anasikiliza, akajifanya anatafuta chaja. Juzi nilijisahau nikalala moja kwa moja mpaka asubuhi, na nilipoamka nilishtuka, nikakimbia, nikamkuta amekaa kitandani anawafundisha wanasesere wake wimbo wako.

Tulimrudisha kwa daktari. Alimsikiliza mgongo, akasikiliza tena, akaniuliza tumefanya nini. Nikamweleza. Akasema vifua vya watoto havifanani, wengine wanalalia sponji na hawana shida yoyote, na wengine hata sufi ikikaa na vumbi itawachokoza, kwa hiyo tuendelee kulianika juani kila wiki na dawa tusiitupe. Lakini kwa huyu wetu, akasema, tumepatia. Neno hilo nimelibeba kifuani tangu hospitali hadi nyumbani. Tumepatia, Mama. Si hewa, si mapazia, wala si mimi.

Ameanza chekechea hapa Kijenge. Sare anaikunjua na kuivaa mwenyewe asubuhi. Mwalimu alimwuliza bibi yake anafanya kazi gani, akajibu kwamba bibi anabeba vitanda.

Mimi nakumbuka chumba chako. Nilivyokaa pale kitandani ukanishika mkono ukasema "nusa," nikanusa jua na kitambaa safi tu, nilijua kwamba mwanangu amerudi kabla hata hatujachambua ganda la kwanza. Ulinipa heshima ambayo sijui nitailipaje. Wiki ijayo nakushonea mapazia ya chumba hicho, na nitakuja kuyatundika mwenyewe, kwa kuwa sasa naruhusiwa.

Bariki haongei sana. Lakini lile godoro la uani ameliondoa bila kuambiwa, na kuna jambo anataka kukwambia. Nimemwambia akuandikie.

Binti yako,
Agnela


Kijenge
9 Februari 2025

Mama,

Shikamoo. Asante kwa kuja kuniomba msamaha. Na mimi nilikuomba, lakini nadhani sikusema vizuri kwa sababu Princess alikuwa amekaa mabegani kwangu. Nasema tena hapa. Nilimbebesha Agnela lawama kwa kuwa ilikuwa rahisi kuliko kulinusa godoro langu mwenyewe. Yeye nimeshamwambia. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akanituma nikamnunulie uzi.

Sasa lililobaki. Jumanne nilirudi mapema nina homa, nyumba haina mtu, nikajinyoosha kwenye kitanda cha mtoto kusubiri Agnela. Miguu ilikuwa inaning'inia nje. Mama, nililala usingizi ambao sijaulala tangu nikiwa na kaptula, nikakuta ni jioni na familia nzima imesimama inanitazama. Mwanao ni muuza magodoro, na alikutwa amejificha kwenye sufi. Agnela alicheka hadi akakaa chini.

Bwana Sakaya alifuata viatu vyake, na amekuwa akiniuliza kila wiki yule mama wa godoro anapatikana wapi. Wateja wengine wawili pia. Nimeongea na binamu yako Melkizedeki kuhusu misufi yake. Sponji nitaendelea kuuza, watu wengi wanaipenda na inawafaa, ila namwambia kila mnunuzi alianike wazi kwanza, bila nailoni, na kama ana mtoto mwenye kifua namwonyesha upande wa pili wa duka, nitakapoweka ya sufi. Upande huo bado hauna kitu. Ndiyo sababu naandika.

Naomba tuanze na la kwetu, mimi na Agnela, la tano kwa sita. Kitambaa Agnela ameshakifua. Nitakuja Jumamosi kuchambua nawe, nifundishe kushindilia, na nikiikaza sana unizabe mkono kama zamani.

Likishakamilika, tulipitishe njia ileile. Tuanzie pale barabarani, tupite mbele ya duka langu mchana kweupe, tusimame mlangoni tuzunguke. Waite wanawake wote wa jumuiya. Wewe utaimba tu. Safari hii godoro nitalibeba mimi kichwani.

Mwanao,
Bariki